Taa Kumi na Mbili za Rangi Nyekundu

Profesa alinichagua kwa sababu katika chumba chote cha taa ni mimi peke yangu niliyejua nukta ya desimali inakaa wapi. Nilijifunza hilo shule ya jioni kule Dilala, baada ya kazi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Siku nilipopata cheti, mama alipiga vigelegele vikasikika mpaka mji wa Tenke. Watu wa Tenke watakataa, lakini wao masikio yao yameharibiwa na treni.

Kazi yangu kwenye mgodi wa kobalti ilikuwa kugawa taa. Mchimbaji anakuja dirishani, ananipa kibati chake chenye namba, nami ninampa betri ya kufunga kiunoni, yenye waya unaopanda hadi taa ya kwenye kofia. Zamu ikiisha ananirudishia, ninaichomeka kwenye umeme wa bwawa la Nzilo mpaka kesho yake.

Profesa huyo, mhandisi wa chuo kikuu, alikuja amevaa abakosti, lile koti la kiserikali lisilo na tai, yenye matundu ya dawa za maabara. Maisha yake yote yalikuwa betri. Nadhani hata mkewe alimposa kwa kumweleza nikeli. Sasa alikuwa ametengeneza betri kumi na mbili zenye kobalti yetu ndani.

"Kobalti inapanda treni hapa kila siku," aliniambia. "Inaenda, hata salamu hairudishi. Mi nataka kidogo ibaki, ifanye kazi kwao."

Akazipaka rangi nyekundu, akanionyesha kumi na mbili za kawaida za kushindana nazo. "Uzitendee sawa, citoyen," alisema, maana siku hizo kila mtu aliitwa hivyo, mwananchi. "Uandike kila moja imewaka muda gani. Zikishinda, wakubwa wa chuo watanipa maabara. Zikishindwa, watanirudisha kwenye hesabu za mwaka wa kwanza, na betri basi."

Nilisikia yote, isipokuwa neno "sawa". Mimi ni mtoto wa watu wa Kasai. Kwetu mgeni akifika kuku anachinjwa, na firigisi inakwenda kwenye sahani ya mgeni, hata kama baba mwenye nyumba anaitazama kwa machozi. Basi taa za profesa zilikuwa wageni wangu. Nilizifuta kama vyombo vya misa. Niliziacha kwenye umeme muda mrefu kuliko wenzao. Halafu niliwapa walinzi wa pampu, watu wanaokaa mahali pamoja siku nzima na kuzima taa wakila. Zile za kawaida niliwapa watoboaji wa mwamba, zikapigwa na mawe na kuoga matope. Kwenye daftari, nyekundu zilishinda kama simba anavyomshinda panya. Nilijisifu sana.

Asubuhi moja mtoboaji mmoja, mzee mwenye sauti ya ngoma, akakataa taa niliyompa.

"Hii hapana. Nipatie ile ya rangi."

"Tata," nikamwita, yaani baba, "zile ziko za profesa."

"Profesa anashukaka chini? Ao ni za bakubwa, shiye batoboaji tutumike na giza?"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka, wakaniita yaya, ndugu mkubwa. "Umupatie, yaya! Tata anataka kupendeza kule chini!"

Nikampa. Alipanda mchana kutoka chini ameshika mkanda wa mwenzake kama kipofu. Taa ilikuwa imezimika kabla zamu haijaisha. Aliiweka dirishani polepole.

"Taa yako iko muzuri sana," alisema. "Muzuri ya kukaa nayo na kunywa chai."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Kwenye daftari, kushindwa kwa taa ile kulikuwa mstari mmoja tu, na kifutio ninacho. Niliuzuia mkono wangu usiufute siku tatu nzima, mpaka profesa alipofika. Alifunua kurasa, uso unazidi kung'aa. "Unaona, citoyen? Unaona?"

"Citoyen profesa," nikasema, "hizi taa nilizilea."

"Ulizilea namna gani?"

"Kama wageni." Nikamweleza yote: firigisi ya mgeni, walinzi wa pampu, umeme wa nyongeza, yule mzee aliyepanda kipofu.

Alilifunga daftari polepole kama mlango wa kanisa, akalifungua tena.

"Kwa hiyo miezi minne yote umenilisha firigisi."

"Ndiyo, tata."

Akatoa kalamu, akapiga mstari kila ukurasa, kutoka pembe hadi pembe, akilowesha kidole bila haraka.

"Wakubwa wananingoja juma lijalo," alisema.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba sina kitu, na kwamba naanza upya."

"Wakikataa?"

"Nitafundisha hesabu asubuhi, na betri nitazipikia kwenye jiko la mke wangu. Lete kofia."

Tulitia vibati vya wachimbaji ndani ya kofia. Tangu siku ile nilichota bila kutazama: aliyetoka ndiye aliyepata nyekundu, awe mtoboaji au mlinzi. Umeme, saa zile zile kwa zote. Wakubwa walikataa kweli, maabara akapewa mwingine. Profesa akafundisha hesabu. Lakini kila mwezi alishuka kwenye treni na daftari lake, akinuka dawa na vitunguu, na kunisimulia sufuria alizoharibu. Mkewe, alisema, sasa anazihesabu.

Mvua zilipoanza, bahati ikamwangukia tena yule mzee wa sauti ya ngoma. Alishuka na nyekundu, mwenzake na ya kawaida, kwenye mwamba mmoja. Mwisho wa zamu walikuja dirishani, taa zote mbili zinawaka bado. Mzee hakuizima yake. Aliingia ndani, akailaza mezani kwangu kando ya ile nyingine, akavuta kiti. Profesa, aliyekuwa amefika na treni siku hiyo, alisimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

Ya kawaida ikawa ya njano, ikafa. Nyekundu ikaendelea. Tuliitazama mpaka nayo ikafa.

"Imezidi kwa muda gani?" profesa akauliza.

Mkono wangu ulitaka kuandika saa tatu nzima. Nikaandika dakika kumi na nane.

Mzee akainama juu ya daftari, akafuatisha tarakimu kwa kidole chenye matope. "Njo vile," alisema, akikubali kwa kichwa. "Kesho nipatie tena ile."

"Kesho ni kofia, tata," profesa akamjibu.