Sauti Nne Nyumbani kwa Ogola

Nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, pale Bondeni zilijengwa na mtu aliyechukia siri. Ukuta kati yangu na mzee Ogola ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya, mimi nilimwambia pole nikiwa kwangu jikoni. Kwa hivyo msinilaumu kwa kusikia. Nilaumuni kwa mengine, nitayasema.

Mwaka huo wa 2007 Ogola alikuwa na miaka hamsini na sita. Baba yake alikuwa fundi wa reli, naye mwenyewe alikuwa karani katika stoo ya matairi mjini. Mkewe alikuwa amerudi kwao zamani, kabla mimi na binti yangu Shantel hatujahamia hapo. Hakuwa mlevi wala mgomvi, na usipomsalimia hakukusalimia. Alichopenda duniani ni kwaya ya kanisa lake, ambako aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, kwa miaka ishirini na miwili. Kisha kanisa likanunua kinanda na spika kubwa, vijana sita wakapewa maikrofoni, na kwaya ya wazee ikaambiwa asante. Hata soda hawakununuliwa.

Mwezi wa sita nikamwona akileta kompyuta kuukuu kwa mkokoteni. Alikuwa ameinunua kwa Dharmesh, yule mwenye duka la vifaa vya umeme, na Dharmesh akamwekea programu ya kurekodi sauti iitwayo Audacity. Ilikuwa ya bure. Ogola aliuliza mara tatu ni nani atakuja kudai, akaambiwa hakuna, imetengenezwa na watu wa huku na huko wanaoigawa kwa yeyote, na hata anayetaka kuigeuza anaruhusiwa.

"Watu gani hao hawana kazi?" Ogola akauliza, na akaichukua.

Ukiimba kwenye programu ile, unaweza kuimba tena juu ya ulichokwisha kuimba, sauti zikapangwa moja juu ya nyingine na kusikika pamoja. Ogola akaona kwaya yake imerudi. Akatunga wimbo wake mwenyewe, akavaa hedifoni, akaimba sauti ya nne. Akaimba na ya tatu. Akabana koo akaimba ya pili, na mwishowe ya kwanza, ile ya wanawake, huko juu kabisa, kisha akazicheza zote pamoja kwenye spika. Hayo yote alinieleza mwenyewe baadaye.

Wakati ule, upande wangu wa ukuta, sikujua lolote la programu. Nilichosikia ni mwanamke. Anaimba kidogo, anakohoa, anarudia palepale. Baada ya saa moja namsikia tena, sasa yuko na mwanamke mwingine na wanaume wawili. Mdomo wangu, nakiri, haukuwa na breki. Kesho yake pale mferejini nikatangaza, "Ogola amepata mtu."

Habari ilizunguka ploti kabla ndoo yangu haijajaa. Wanaume wakaanza kumtania, "Mzee, unaoa kimyakimya, hata chai hatujaonja?" Nami nikamwuliza uso kwa uso, "Mgeni hajambo?"

Angeweza kuniambia ni kompyuta.

"Hajambo," akasema. "Amepumzika."

Tangu siku hiyo nilimwuliza kila asubuhi, naye kila asubuhi alinijibu. Mgeni ana mafua. Mgeni ameenda Kabazi kumwona dadake. Nikamwona Ogola ameanza kunyoa ndevu kila siku na kupiga pasi shati la kazini. Nilidhani ni mapenzi. Sasa najua ni ule uongo uliomkaa vizuri, kwa sababu ulimpa mtu wa kuulizwa habari zake.

Kisha uchaguzi wa Desemba ukaja, matokeo yakazua vita vya kikabila, na mwisho wa Januari ukatukuta tumejifungia ndani. Moshi ulionekana pande zote za mji, na serikali ikatangaza kafyu. Vijana wa mtaa walisimama langoni na mapanga wakisema wanatulinda, ingawa hatukujua vizuri kutoka kwa nani. Jina la mtu, kwa kuwa lilitaja kabila lake, lilitosha kumtia matatani. Watu waliokuwa wakiombana chumvi walianza kuchungulia nani analala wapi. Stoo ya matairi ilikuwa imefungwa, kwa hivyo Ogola alishinda ndani, na alishinda akiimba. Nadhani aliogopa kama sisi.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, nilitoka kuchota maji. Kijana mrefu aliyevaa gambuti akanisimamisha.

"Mathe, kwa Ogola kuna watu wangapi?"

"Wengi," nikasema. "Nawasikia wakiimba. Wanaume na wanawake."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Nililiogopa lile panga, ndiyo, lakini haikuwa hofu peke yake. Nilipenda kuwa mtu anayejua.

Asubuhi iliyofuata wakaja vijana kumi na mmoja. Walipiga mlango wa Ogola kwa rungu, wakapaza sauti, "Mzee, toa hao watu unaficha!" Ploti nzima ikatoka nje na hakuna hata mmoja aliyesogea karibu. Nilimshika Shantel mkono mpaka akalia kwamba namuumiza.

Wawili waliingia, wakainua kitanda, wakafungua kabati, wakatoka mikono mitupu. Yule wa gambuti akazidi kukasirika. "Umewapeleka wapi?"

"Hakuna watu," Ogola akasema. "Ni mimi huimba. Naweka kwa kompyuta."

"Na wanawake?"

"Pia ni mimi."

"Mzee, usitubebe ufala."

Ogola akawasha kompyuta. Ilichukua muda mrefu kuamka, na kumi na mmoja wale wakangoja mlangoni na silaha zao kama wagonjwa kwenye foleni ya zahanati. Akawachezea sauti ya nne peke yake, halafu ya tatu, halafu ya pili. Ilipofika ya kwanza, yule kijana akainua panga akaelekeza kwenye spika. "Huyo ni mama. Huyo si wewe."

Basi Ogola akatoka akasimama mbele yetu sote, akabana koo. Mara ya kwanza haikutoka kitu. Mara ya pili ikatoka, ile ile sauti niliyoisikia kwa miezi saba, kwenye kinywa cha mzee mwenye kipara na sweta iliyotoboka kiwiko. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, maana hofu ilikuwa imenitoka kwa ghafla.

Kijana hakucheka. "Sasa mzee, hukai na mtu?"

"Sikai na mtu."

"Na huyo mgeni wanasema?"

Ogola akazungusha macho akanitafuta katikati ya watu mpaka akaniona.

"Sina mgeni," akasema. "Sijawahi kuwa naye. Naishi peke yangu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kufika langoni, kwa kuwa maisha yake yalitegemea kuaminika. Kicheko kikafa. Vijana wakaondoka, na sisi tukaingia ndani mmoja mmoja bila kutazamana.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipa stuli, akanieleza habari za kwaya na za Dharmesh, na hakunigombeza hata kidogo. Ningefurahi kama angenigombeza. Upande wake wa ukuta haukutoa wimbo tena.

Mwezi wa tatu akapata lori la kumrudisha kwao Siaya. Nilimsaidia kufunga kompyuta kwa blanketi. Kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: miezi ile yote, nikimenya viazi jikoni, nilikuwa nikiimba pamoja na mgeni wake. Niliimba chini chini, Shantel asinisikie, maana na mimi nyumbani kwangu hakukuwa na mtu mzima wa kuongea naye.

Akiwa ameshika mlango wa lori, Ogola akanigeukia.

"Mama Shantel, ule wimbo haukuisha," akasema. "Sauti ya kwanza inanishinda pale juu. Inataka mwanamke."

Na mimi niliyeijua sauti hiyo yote, hadi pale anapovuta pumzi, nikamwambia asafiri salama.