Nusu ya Kiti ya Moto

Wakati nilianza kazi ya motari hapa Bunia, kubeba batu ku pikipiki yenye tunaita moto, benzangu balikuwa banabeba batu babili nyuma. Miye nilikuwa nabeba mumoja tu, juu nusu ya kiti ilikuwa ya matako yangu. Bamama ba soko ya Nyakasanza balikuwa bananiambia: «Toa kwanza mizigo yako ku kiti, kisha utuite!»

Basi nikaamua kukonda. Mama yangu akakasirika: «Tulikimbia vita, tukakonda bila kupenda. Sasa kuko kimya kidogo, weye unakonda kwa mapenzi yako? Batu batasema kwetu iko njaa!» Akaniongezea bukari, ule ugali wetu, ku sahani. Nikapitishia badogo zangu.

Kila mwisho wa juma nilikuwa napanda ku balansi ya kupimia mifuko ya mihogo ku depo ya soko. Mara ya kwanza kilo tatu zikashuka, nikacheza ndombolo mbele ya batu. Juma yenye ilifuata zikarudia zote tatu, na ingine moja ya kuzisindikiza. Mwenye depo akacheka: «Muhogo wenye kunyeshewa unaongeza kilo hivyo hivyo. Kauka kwanza!»

Nilitaka kuacha, lakini nikawaza ile nusu ya kiti. Nikaendelea.

Siku moja balansi ilikataa tena kushuka. Nikatoka nimenuna, nikakaa ku moto yangu. Bamama babili bakafika na mabeseni yao. Wa kwanza akapanda nyuma yangu. Wa pili naye akapanda, akajisogeza, akakaa muzuri.

«Motari, unangojea nini? Twende!»

Nikawasha moto mbio, kabla balansi haijasikia.