Wagonjwa Wenu Wako Wapi

Siku ile, mwanangu, mvua ilikuwa imekatika kidogo pale Mpuguso, nasi tunatoka ibadani. Nilikuwa msichana, mchuma chai. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru: maduka yamejaa mitumba, zahanati imebaki kuta tu, na mashirika ya kusaidia wagonjwa yanaota kama uyoga.

Shirika la siku ile lilikuja na gari jeupe na kipaza sauti. Bwana mmoja mwenye suti akatuonyesha picha za watoto waliokondeana vitani, mpaka wanawake wakalia. Kisha akaomba mchango. Baba yangu, mzee Asajile, akasimama, kofia mkononi.

"Ndaga, asante, bwana. Wagonjwa mliowatibu wako wapi, tukawajulie hali?"

Watu wakaguna. Shemasi akamwambia, "Kaa, Asajile. Usitutie aibu mbele ya mgeni."

Nami nikaona aibu, ujana una haraka zake. Nikatoa ujira wangu wote wa chai.

Wiki ileile wakapita wauguzi wawili wa kikundi kingine, kwa miguu, wametoka kutibu watu Lupepo. Hawakuwa na picha. Walisema wazi kwamba dripu zimebaki chache, tuwasaidie wanunue nyingine kabla ya masika. Tukawajibu tumeshatoa. Kizuri chajiuza, husema wahenga. Si siku zote, mwanangu. Siku ile kizuri kilirudi mikono mitupu.

Masika yakaja na kipindupindu. Gari jeupe hatukuliona, ila mjomba alilikuta Kiwira limepakia kreti za bia. Waliokuja ni wauguzi walewale. Wakalaza wagonjwa kwenye sakafu ya shule, wakahangaika nao. Tulipomfikisha mdogo wangu Gwakisa, muuguzi mmoja alimpima, akamgeukia baba.

"Mzee, dripu ya mwisho nimemtundikia yule mama pale. Tumnyweshe maji ya chumvi na sukari."

Gwakisa hakuweza kumeza. Jua halijatua, akafa.

Shemasi alikuja msibani, akasema ni mapenzi ya Mungu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu taratibu, "Mungu usimsingizie." Mimi hakuniambia neno, siku ile wala baadaye. Afadhali angenigombeza.

Basi mwanangu, ukitaka kuwachangia wanaotibu wagonjwa, usitoe kwa machozi peke yake. Uliza wamemtibu nani, wapi, na nani aliyewaona. Uliza wanapungukiwa nini. Mkweli atakutajia, tapeli atakuonyesha picha nyingine. Wakikugunia, uliza tena. Na ukishawapata wakweli, wape mapema, hata kama ni kidogo, maana dawa hainunuliwi mgonjwa akiwa mlangoni.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na jicho kali la kutazama. Na siku maradhi yakiingia kwako, umkute tabibu, na dawa anayo.