Mnyoo Aliyelisha Ziwa

Nilizaliwa Migori nikaolewa Sindo, kando ya ziwa, na huko niliuza samaki. Uhuru ulikuwa bado mpya alipokuja mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu, kijana mpole. Aliniomba nimletee samaki wa kila aina kila asubuhi. Kwa nini, hakusema, nami sikuuliza. Alijifungia akawapasua, akaandika, na maandishi yake yakageuzwa matundu kwenye kadi za mashine ya hesabu huko Nairobi. Wanawake wenzangu walimtania kwamba panya wamekula kadi zake. Alicheka nao.

Nilimchagulia samaki wa ndoana. Wa wavu huchubuka, na mgeni hapewi kitu kilichochubuka. Ndoana niliitoa mwenyewe, isimchome.

Miezi ikapita, jibu la mashine likarudi. Akanionyesha mchoro: majina ya samaki, na mistari ya nani anakula nani. Kumbe alikuwa anasoma matumbo! Karibu mistari yote ilitoka kwa mnyoo mmoja. Alisema mashine imemwondoa kila kiumbe kwenye hesabu kwa zamu, na mnyoo huyu akiondoka, ziwa zima linakufa njaa. Ijumaa angewasomea hayo wakubwa wa uvuvi Homa Bay, nao wangeamua kama kazi yake itaendelea au itafungwa.

Nikataka kumwona mnyoo. Akanionyesha kwenye chupa. Wavuvi wetu humchimba nyuma ya zizi la ng'ombe.

Ningeweza kunyamaza. Lakini wale wakubwa wangemcheka, au wangemwamini, na hilo ni baya zaidi.

"Mwalimu, hicho ni chambo," nikamwambia. "Haishi ziwani. Sisi ndio tunamtia kwenye ndoana."

Akauliza polepole, "Wote, mama?"

"Wote niliokuletea mimi ni wa ndoana."

Hakunigombeza. Aliniomba twende wote Homa Bay, na huko akasimama akalitaja kosa kabla hajaulizwa. Mkubwa wao alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akampa miezi sita mingine, kwa sharti kwamba samaki wawe wa wavu, na mimi niwepo wakati wa kupasua.

Jumatatu nilikaa naye mezani na kisu changu. Mumi wa kwanza, yule kambare wetu, alikuwa na fulu watatu tumboni, vijisamaki vya ziwani. Nikampasua fulu mmoja, naye amejaa vijidudu vya majini. Mwalimu akachora mistari miwili, akabaki anaitazama.

"Usiitazame hiyo," nikamwambia. "Kapu bado limejaa."