Kimya cha Baba Janeffer

Mjini Litein, mtu akiulizia fundi wa yunifomu anaelekezwa kwa Bitutu. Kibanda chake kiko nyuma ya maduka ya barabara kuu, na kuanzia Novemba hadi shule zifunguliwe Januari, pale husikii kitu isipokuwa cherehani na mlio wa simu. Wazazi wa siku hizi hawaleti watoto wapimwe. Wanatuma vipimo kwa WhatsApp, na wengine hutuma tu picha ya mtoto amesimama kando ya mlango, eti fundi akadirie mwenyewe. Bitutu hukadiria, na ni nadra akosee.

Alizaliwa upande wa Nyamira. Alikuja huku akiwa bibi arusi, kwa sababu mumewe, Gekara, alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha majani chai. Gekara aliwekwa kwenye mashine za kukata majani, na huko ndiko alikokaa mpaka akastaafu. Miaka ile hakuna aliyewapa kitu cha kuziba masikio, na hata wangepewa, vijana wenyewe wangevitupa. Walijivunia kuzoea ule mngurumo. Kutokana na kazi hiyo walinunua shamba dogo juu ya mji, wakapanda chai mteremkoni, wakafuga ng'ombe, na wakamlea binti yao wa pekee, Janeffer, ambaye sasa ameolewa na anaishi Thika.

Gekara alikuwa mtu wa maneno. Akitoka kazini alikuwa akiketi jikoni, anamwigiza msimamizi mmoja aliyekuwa na kigugumizi, mpaka Bitutu anashindwa kugeuza ugali kwa kicheko. Kwa hiyo alipostaafu, Bitutu alidhani sasa ndipo watakapoongea hadi wachoke. Haikuwa hivyo. Kimya kiliingia nyumbani polepole, na hakuna aliyeona siku kilipoingia.

Kwanza aliacha kuongea kwa simu. Janeffer alikuwa akipiga kila Jumapili, lakini Gekara akishasalimia tu anasema, "Mama yako huyu hapa," na simu inahamia mkono mwingine. Halafu akaacha kubaki kanisani baada ya ibada. Kisha majibu yake yakaanza kwenda kombo. Bitutu akimwomba sukari, analetewa sufuria. Akimuuliza kama amefunga kuku, anajibiwa, "Kesho."

Siku moja jirani yao, Tecla, alimsimamisha Bitutu njiani. Tecla ni Mkipsigis, ua wake umepakana na wao, na kama ana jambo moyoni halilali.

"Mama Jane, mzee wako ameanza maringo? Nimemsalimia chamgei mara mbili hapa kwa gati. Amepita tu, kama mimi ni mti."

"Usimweke moyoni," Bitutu akamwambia. "Siku hizi amechoka."

Lakini yeye mwenyewe alipotoka pale hakuyaamini maneno yake. Alimkumbuka mzee Mochama, baba yake Gekara. Mzee yule alimaliza miaka yake akiwaita wanawe kwa majina ya ndugu zake waliokufa, na Bitutu ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko. Naye alianza hivi hivi, kwa kunyamaza na kujibu visivyoulizwa.

Bitutu hakumwambia mtu. Janeffer alipouliza, alijibiwa kwamba baba anaendelea vizuri. Ili asikae akiwaza, Bitutu alichukua kazi zaidi. Alikubali oda za shule ambazo zamani angezikataa, akawa anarudi nyumbani giza likianza kuingia, anakula simu ikiwa kando ya sahani, anajibu wateja huku akimsemesha mumewe bila kuinua kichwa. Asipojibiwa, anaacha. Mwisho akaacha kabisa kumweleza habari za siku. Kuna saa wazo jingine lilimjia, na hilo lilimuuma kuliko lile la ugonjwa: labda akili za Gekara ni timamu, ila amemchoka tu mkewe.

Jumamosi moja ya Aprili mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na ule mteremko wao ulikuwa matope matupu. Bitutu alishuka na ndoo ya maji kuelekea zizini. Kwenye ngazi za mawe mguu wake ukateleza, akaanguka vibaya, na mguu ukajikunja chini yake. Alijaribu kusimama, akaona nyota.

Gekara alikuwa karibu kabisa, mbele ya zizi, amempa mgongo, anakata majani ya nepia kwa panga.

"Baba Jane!"

Panga liliendelea kukata.

"Baba Jane, nimeumia!"

Hakugeuka. Bitutu akapiga ukemi hasa, ukemi wa mtu aliyevunjika. Ng'ombe aliinua kichwa akamwangalia. Gekara aliokota fungu jingine la nepia.

Hapo Bitutu akanyamaza. Alilala ubavu kwenye matope, na maumivu ya mguu yakawa kitu kidogo. Alijiambia, ananisikia. Ng'ombe amesikia, mtu atakosaje kusikia? Amenisikia, na hataki kugeuka.

Ng'ombe ndiye aliyemaliza mambo. Aliacha kula, akasimama akikodoa macho kuelekea ngazi, masikio wima. Gekara akageuka ili aone kinachoangaliwa ni nini.

Panga lilianguka. Yule mzee alikimbia na gambuti zake zile nzito, akateleza, akapiga goti, akazimaliza hatua za mwisho kwa mikono na magoti. Akamkamata mkewe kichwa akakiweka mapajani.

"Mama Jane! Mbona hukuniita?"

Bitutu alimtazama usoni. Huyu hakuwa mtu anayejifanya. Uso wake ulikuwa na hofu tupu.

"Nimekuita," akasema.

"Lini?"

Tecla, aliyesikia ukemi ule kutoka ng'ambo ya ua, ndiye aliyefika mbio akatafuta gari la jirani. Walimpakia Bitutu kiti cha nyuma, Gekara ameushika ule mguu njia nzima ili usigonge kitu.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana aliyeitwa Cate, amevaa maski. Alimpapasa Bitutu kifundo cha mguu, kisha akamgeukia Gekara.

"Mzee, mama ameanguka saa ngapi?"

"Gekara Mochama," akajibu Gekara kwa heshima.

Daktari akamwangalia Bitutu. Siku nyingine Bitutu angeona aibu, angejibu kwa niaba yake na yakaisha. Lakini lile neno "lini" lilikuwa bado linazunguka kichwani mwake. Alikuwa amegundua kwamba mumewe hakuwa anamtazama daktari machoni. Alikuwa anautazama ule mdomo uliofunikwa.

"Daktari," akasema, "tafadhali shusha maski kidogo, halafu umuulize tena vile vile."

Cate akaishusha, akauliza tena.

"Saa mbili hivi," akajibu Gekara mara moja. "Nilikuwa nakatia ng'ombe majani. Ni hizo ngazi zetu, zilitaka kutengenezwa kitambo."

Bitutu akaanza kulia.

"Nikuongezee dawa ya maumivu, mama?"

"Si mguu," Bitutu akasema. "Si mguu, daktari."

Picha zilionyesha mfupa umepasuka. Wakati wakingoja plasta, walikaa wawili kwenye benchi ya ukutani, mguu wa Bitutu umewekwa juu ya kiti. Bitutu akanyoosha mkono, akamshika mumewe kidevu, akamgeuza uso, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu wakiwa vijana.

"Baba Jane, husikii?"

Gekara alitaka kuangalia pembeni. Akashindwa.

"Sauti zingine nasikia," akasema. "Maneno ndiyo yananipotea."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua ni masikio. Nilidhani ni kichwa. Mtu anasema kitu, mimi nakipata vipande vipande, hakina maana. Nikasema basi, ule ugonjwa wa mzee umenifikia. Nikaona heri ninyamaze, nisije nikasema upuuzi mkajua."

"Hata mimi nilidhani ni huo."

"Wewe pia?"

"Tangu mwaka jana."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa amelala upande wake wa kitanda na hofu ile ile, akimficha mwenzake. Gekara alitikisa kichwa, akapangusa macho kwa ukingo wa koti lililojaa matope, akabaki na mstari wa udongo shavuni. Bitutu alimpangusa kwa leso yake.

Hata kama tatizo lilikuwa masikio, huenda kichwa nacho kilikuwa na lake. Kwa hiyo Cate aliwaandikia waende Kericho kwa mtaalamu. Zile wiki za kungoja zilikuwa ndefu. Janeffer alikuja kutoka Thika kuwasindikiza. Gekara aliingizwa katika chumba kidogo, akavishwa vitu masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Bitutu, mikongojo miwili kwapani, alimwona kupitia kioo. Mara nyingi mashine ilionyesha mlio umetoka, na kidole cha Gekara kilikaa tu. Baadaye daktari mwingine akampima kumbukumbu. Alimpa maneno yaliyoandikwa ayasome, ayakumbuke baadaye, akamchorisha saa, akamuuliza habari za zamani na za juzi.

Mtaalamu aliwaita wote watatu ndani. Alikaa akimwelekea Gekara, akasema polepole bila kupaza sauti.

"Mzee, kichwa chako ni kizima. Maneno yote umeyakumbuka. Masikio ndiyo yameumizwa na kelele za miaka mingi. Yaliyoharibika hayarudi, lakini mashine za kusikia zitakusaidia."

"Kichwa ni kizima?" Gekara akauliza.

"Kizima kabisa."

"Rudia tena," akasema Gekara, na haikuwa kwamba hakusikia.

Janeffer alitoka nje. Mama yake alimkuta kwenye ukumbi ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka na huku anacheka.

"Mum, mimi nilikuwa nafikiri hataki kuongea na mimi," alisema. "Ile 'Mama yako huyu hapa' yake. Nilifikiri nilimkosea mahali."

Bitutu alishusha pumzi, na hapo ndipo alipogundua ana njaa, njaa ya kweli, kama mtu aliyetoka kupalilia. Waliingia hoteli ya karibu. Bitutu alikula chapati na ndengu, akaagiza tena, na Gekara akamwongezea kipande cha nyama kutoka sahani yake.

Mashine zilipofika, nyumba haikutulia kama walivyotarajia. Gekara alilalamikia kila kitu. Kuku wanapiga kelele. Kijiko kinagonga kikombe. Mvua ikipiga mabati anashika kichwa. Siku aliyopita kibandani kwa mkewe alisimama mlangoni akauliza, "Hii cherehani ndiyo hulia hivi? Umekaa nayo namna gani?" Hata sasa, penye watu wengi maneno bado yanamchanganya, na harusini huzitoa akaziweka mfukoni. Lakini asubuhi moja alienda mwenyewe hadi kwa gati ya Tecla, akamwita, "Chamgei!" Kisha akamweleza yote. Tecla alipiga makofi kwa mshangao, akamwomba msamaha kwa yale aliyosema, akaenda ndani kumletea maziwa lala.

Bitutu naye alikaa na plasta miezi miwili kasoro, hawezi kukanyaga cherehani. Oda zake zilienda kwa mafundi wengine. Alidhani atarukwa na akili, simu ikilia na hana la kuwajibu wateja. Lakini watoto walivaa, shule zikafunguliwa, na hakuna aliyetembea uchi Litein.

Kilichomshangaza kilikuwa kingine. Kabla mashine hazijaja alikuwa ameambiwa kwamba akitaka kumsemesha mumewe lazima amwelekee, mwanga uwe usoni, na asiongee akiwa ameinamia kitu. Akafanya hivyo. Na ili mtu aone midomo yako, lazima na wewe umtazame. Bitutu aliona kwamba nyusi za Gekara zimekuwa nyeupe. Aliona jino la upande limetoka, akamuuliza liling'oka lini, akaambiwa ni mwaka juzi. Aliona kwamba akisikiliza jambo zuri, mdomo wake husogea kidogo kana kwamba anaonja. Alikuwa amepika kwa ajili ya mtu huyu kila siku, na kwa muda mrefu hakuwa amemwangalia.

Siku hizi Bitutu hufunga kibanda saa kumi, hata msimu wa yunifomu. Simu hukaa kwenye mkoba hadi wamalize kula. Wateja wachache walinung'unika, wengine wakahama, na yeye hakuwafuata.

Wala usidhani wanakaa wakichekeana kutwa. Gekara amepata wazo la kung'oa chai ya sehemu ya chini apande avokado. Bitutu hataki kulisikia. Anasema ile chai waliipanda kwa mikono yao, na avokado ataimwagilia nani kiangazi? Gekara anasema mwanamke wa mjini anajua nini kuhusu shamba. Wamebishana tangu wiki iliyopita, jikoni, zizini, njiani kwenda kanisani. Juzi Tecla alishindwa kuvumilia, akaegemea ua.

"Mama Jane, nyinyi watu hamchoki? Tangu asubuhi ni avokado, avokado!"

Bitutu alikuwa anaanika nguo. Aliachilia kibanio, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Tuache, Tecla," akasema. "Tuache tubishane."

Kisha akageuka, akamtafuta mumewe kwa macho kule chini kwenye michai, akamwambia kwamba hata angepewa miche ya bure, haipandwi.