Bibi afya anayeuruka mlango wa mdogo wake

Saa mbili na robo asubuhi, Sitara Uledi ameingiza kichwa chake chote ndani ya friji ya watu. Koti lake jeupe limefuliwa mpaka linaonyesha maua ya gauni la ndani. Mkono mmoja umeshika kipimajoto, mwingine unasogeza mabakuli.

"Ranjanben, hii chatne ya lini?"

"Ya leo, bibi afya. Mimi mwenyewe nimesaga saa kumi na moja."

"Na hii ya nyuma?"

"Hiyo ya jana. Jana ilikuwa nzuri sana."

"Basi tuiage."

Ranjanben, mwenye miaka sitini na minne, anauza kachori na bhajia katika mtaa huu wa Mchafukoge tangu alipoolewa. Anaimwaga chatne kwenye karo polepole ili bibi afya aione ikiisha yote. "Mumewe ana bahati huyu," anasema. "Kiporo kwao hakilali."

Sitara anacheka, anaandika, anatoka. Mlango unaofuata ni wa mgahawa. Sakafu imepigwa deki, wahudumu wamevaa aproni zilizodariziwa majina yao, na kutoka ndani inakuja harufu ya samaki wa nazi ambayo ingemsimamisha mtu yeyote. Sitara anaupita mlango huo kama vile ni ukuta. Anaingia kwenye duka la juisi la baada yake.

"Ule si wangu," anasema bila kugeuka. "Ule ni wa Ansbert."

Ansbert ni afisa afya mwenzake. Mgahawa ni wa Nasma Uledi, mdogo wake Sitara, baba mmoja mama mmoja.

"Na usidhani naogopa nisije nikampendelea," anaongeza. "Ningekuwa nampendelea ningekuwa mtu mzuri zaidi. Mimi namwonea wivu."

Analitaja neno hilo kwa sauti ileile ambayo mtu angetajia kundi lake la damu.

Sitara, mwenye miaka thelathini na tisa, alizaliwa Ilala. Marehemu baba yake alikuwa akipaa samaki katika soko la Feri, na kipato chake kilitosha kumsomesha mtoto mmoja mpaka mwisho. Aliyeonekana ana kichwa ni Sitara. Nasma, aliyemfuata kwa miaka mitano, aliacha shule kidato cha pili akaenda kukaa na baba yake Feri, akajifunza kumjua samaki kwa kumtazama macho.

Leo Sitara ana cheti cha afya ya mazingira na miaka kumi na minne kazini. Mkononi hupokea kama laki sita na ishirini kwa mwezi. Yeye, mumewe na watoto wawili wamepanga vyumba viwili Ilala kwa laki moja na nusu. Nasma ameajiri watu tisa, anauza sahani zaidi ya mia moja kwa siku, na amejenga Chanika.

"Vigae mpaka chooni," anasema Sitara. "Nilisoma mimi, akapata yeye. Mama akiumwa jino anampigia Nasma. Mimi ananipigia kuniuliza kama kipindupindu kimeingia."

Halafu kuna makochi. Nasma alimnunulia mama yao, Bi Ummy, makochi ya rangi ya maziwa. Sitara anajua duka yalikotoka, siku yaliyoletwa na majirani waliotoka nje kuyatazama. "Ni laini," anakiri. "Lakini mimi nikikaa pale yananiuma kuliko benchi."

Kila mwanzo wa mwaka, watumishi wa ofisi yao husaini kijitabu cha kanuni za maadili. Nakala moja imebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, juu ya meza yenye birika. Mojawapo ya kanuni hizo inamtaka mtumishi asishughulikie jambo linalomhusu ndugu yake. Amwarifu mkuu wake, apangiwe mwingine.

Sitara alikuwa amesaini kila mwaka, na alikuwa anaisoma.

Mwezi wa pili mwaka huu ratiba ilimpa mtaa wa Nasma. Hakusema kitu.

"Niliona ile ni kanuni ya watu wanaobeba ndugu zao," anasimulia. "Mimi sikuwa naenda kumbeba mtu. Nikajiambia, mimi na Nasma hatupendani kiasi hicho, kwa hiyo hainihusu."

Aliingia mgahawani saa nne asubuhi na koti lake. Ndani ya friji alikuta samaki wabichi wamewekwa rafu ya juu, maji yao yakidondokea kwenye sufuria la maharage yaliyokwishaiva. Wafanyakazi wawili kadi zao za kupima afya zilikuwa zimepitwa na muda. Makosa ya kweli, na yako wazi.

Akanyanyua macho. Juu ya kaunta kulikuwa na picha ya mama yao ndani ya fremu, amevaa kitenge kipya.

"Amecheka meno yote," anasema Sitara. "Kwangu mama hajawahi kucheka namna ile. Nikatoa kalamu."

Aliufungia mgahawa siku saba.

Nasma anaikumbuka asubuhi hiyo kwa namna yake. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa kutembea, anayeongea huku anahesabu limau.

"Aliniita 'mwenye biashara'," anasema. "Dada yangu wa tumbo moja. 'Mwenye biashara, saini hapa tafadhali.' Da Sitara akiwa na wivu anakuwa mpole, tangu tuko wadogo. Nilipomwona mpole nikajua nimekwisha. Nikamuuliza, dada, hapa shida ni samaki au ni mimi? Akaniambia nisome kifungu."

"Ukasoma?"

"Nisome nini? Nilikuwa naangalia maharage ya watu sitini."

Siku ile Sitara alirudi ofisini akiwa mwepesi. Hafichi. "Niliona raha. Nilinunua hata machungwa, na mimi si mtu wa kununua machungwa kabla ya mshahara."

Jioni simu iliita. Alikuwa Bi Ummy.

"Umemfungia mdogo wako?"

"Nimefungia mgahawa, mama. Una kosa."

Bi Ummy akasema, "Haya mwanangu. Na mimi picha yangu imo humohumo." Akakata.

Kesho yake Sitara alikaa kuandika ripoti ya mwezi. Akatoa mafaili, akayapanga mezani. Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Ndani ya mwezi uleule alikuwa amekuta kosa kama la Nasma sehemu tatu nyingine: kibichi juu ya kilichoiva, kadi zilizopitwa na muda. Moja ya sehemu hizo ilikuwa na mende pia. Zote tatu alizipa notisi ya siku kumi na nne za kurekebisha, huku zikiendelea kuuza.

"Kosa lilelile, mkono uleule," anasema. "Watatu nimewaacha wazi, wa nne nimemfungia. Nikajiuliza, huyu wa nne ana nini wenzake hawana? Nikajijibu mwenyewe. Ana makochi."

Angeweza kufunga mafaili. Sheria inamruhusu afisa kufungia jiko, na samaki walikuwepo kweli. Hakuna ambaye angelinganisha karatasi nne za mitaa minne. Mwenzake mmoja alimwambia hivyo hivyo: ungenyamaza, nani angejua?

"Ningejua mimi," anasema Sitara. "Na Nasma alikuwa anajua tayari."

Aliandika barua ya nusu ukurasa kwenda kwa mkuu wake wa kitengo. Ilisema amemkagua ndugu yake wa damu bila kutoa taarifa, kwamba makosa aliyoyaandika ni ya kweli lakini adhabu haikutoka kwenye makosa hayo, na kwamba anaomba afisa mwingine aende akaangalie upya. Mwishoni aliandika "kwa sababu binafsi". Akafuta. Akaandika "kwa sababu ya wivu".

Mkuu huyo, Elimringi, amebakiza miaka miwili kustaafu. Anasema aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena.

"Miaka ishirini na nane nimepokea barua za watu wanaowashitaki wenzao," anasema. "Ya mtu anayejishitaki ilikuwa ya kwanza. Nikamwita. Nikamwambia, Sitara mama, neno hili la mwisho si lazima liwemo. Akasema, bosi, ukilitoa barua nzima itakuwa ya uongo."

Mchana huohuo Ansbert alikwenda mgahawani. Aliona alichokiona Sitara, hakuongeza wala hakupunguza. Akaandika notisi ya siku kumi na nne na kuuruhusu mgahawa ufunguliwe. Ulikuwa umefungwa siku mbili.

Sitara alipata onyo la maandishi. Wiki chache baadaye nafasi ya kukaimu usimamizi wa kata, ambayo wengi waliona ni yake, ilikwenda kwa Jovitha, aliyeajiriwa miaka sita nyuma yake.

"Na yeye namwonea wivu," anasema Sitara. "Ila kidogo."

Ofisini wamempachika jina. "Bibi Maadili, leo umejikagua?" humuuliza wakati wa chai, na akichelewa kujibu humwambia asisahau kujifungia. Hukasirika kwa siku mbili, siku ya tatu hucheka nao.

Lakini kuna kilichobadilika. Elimringi aliibandua ile nakala ya ukutani, akaileta kwenye kikao cha Jumatatu. Sasa kabla ya ratiba kugawiwa, orodha ya milango husomwa kwa sauti, na kila afisa hutaja usio wake: wa shemeji, wa mwenye nyumba wake, wa mtu anayemdai. Elimringi mwenyewe aliongeza swali moja, la mtu mliyegombana naye.

Jumatatu ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Ya pili vilevile. Ya tatu, mzee mmoja wa kitengo alikohoa akasema duka la nyama la pale kona apewe mtu mwingine, maana mwenye duka ndiye aliyemwoa mke wake wa zamani.

"Watu walicheka mpaka chai ikapoa," anasema Elimringi. "Lakini wiki iliyofuata mikono ilinyooka mitatu. Mpaka leo milango kumi na mmoja imebadilishwa. Kijitabu kilikuwa ukutani miaka yote hiyo, tulikuwa tunawekea birika chini yake tu."

Nasma hakusifu chochote. Siku zile mbili alimwaga chakula na kuwalipa watu tisa waliokaa bure. Alipofungua alipanga samaki chini, akawapeleka wawili wale kupimwa, akanunua friji ya pili.

"Kubwa, milango mitatu," anasema, na limau zinasimama mkononi. "Ya mlango mmoja ingetosha. Ila namjua dada. Ile itamuuma."

Alipoulizwa kama ameiona, Sitara alijibu haraka kidogo. "Milango mitatu. Nimeiona inashushwa."

Wala hawajapatana kwa namna ya kukaa chini na kuombana msamaha. Kwa miezi miwili Nasma hakumpa dada yake shikamoo, na kwa familia kama yao hilo ni tusi linalosikika mtaa mzima. Siku aliyoambiwa habari ya barua, na neno lililokuwa mwisho wake, alimpigia Bi Ummy. "Ameandika kwa mkono wake?" aliuliza. Bi Ummy akasema ndiyo. Nasma akasema, "Mjinga," halafu akaomba kuambiwa tena neno lile la mwisho.

Saa saba mchana Sitara anavua koti, analikunja, analitia mkobani. Siku hizi, mara moja kwa wiki, hula kwa mdogo wake. Huchagua meza ya mlangoni kabisa, na hukaa akiwa amelipa jiko mgongo.

"Nikigeuka nitaona friji," anaeleza. "Na nikiiona sijui nitakuwa nimeiona kama nani."

Mhudumu anamletea wali na samaki. Kipande ni kikubwa kuliko anacholipia, kila aliye jirani anakiona. Sitara anakitazama, anasukuma sahani kidogo.

"Dada, hiki si cha elfu tano."

Kabla mhudumu hajajibu, sauti inatoka nyuma ya kaunta, ya mtu ambaye hajanyanyua kichwa. "Mtoze elfu saba huyo. Na risiti umpe, asije akaenda kujiandikia barua nyingine."

Meza ya jirani inaangua kicheko. Sitara anatoa elfu saba, ambayo ni nauli yake ya siku kadhaa, anaipokea risiti, anaikunja mara mbili. Anakula mpaka mwiba wa mwisho.

"Anapika kuliko mimi," anasema akijifuta mkono. "Na hilo nalo liandike."

Mezani kwa Elimringi kuna barua yake nyingine. Safari hii anaomba kuhamishiwa Feri, akakague pale baba yake alipokaa akipaa samaki. Ni kuamka mapema zaidi, ni harufu isiyotoka kwenye nguo. Lakini akihama, mtaa wa Nasma hautakuwa tena chini yake, hata kwa kuazima zamu. Majibu bado.

"Wivu sijui kama utaisha," anasema. "Nikiwa sina koti niachieni, nitakaa nao mwenyewe. Ninachotaka, barua ijibiwe kabla ya Idi. Siku ya Idi anapikia watu wengi, peke yake hawezi. Nataka niingie kwa mlango wa nyuma, nikae kwenye mbuzi nikune nazi kama zamani, na asiwepo mtu wa kuniuliza nimekuja kukagua nini."

Nasma anafikishiwa maneno hayo akiwa anafunga hesabu za mchana. Anaiweka sawa picha ya mama yao, ingawa haikuwa imepinda.

"Mwambieni aje," anasema. "Ila aje na kadi ya kupima afya. Jikoni kwangu haingii mtu asiyepimwa."