Mnusa Mafuta

Mtaa mzima ulimwita Pua. Hakuitwa hivyo kwa ukubwa wa pua yake, ingawa kwa ukubwa nayo haikuwa haba. Tangu ujana wake aliuza mafuta ya taa pale kwenye kona, na zama zile wenye tamaa walikuwa wakitia petroli ndani ya mafuta ya taa ili yazidi, na watu wakiungua majikoni mwao. Pua alifungua kifuniko, akafumba jicho moja, akavuta pumzi mara moja tu, akatoa hukumu. "Haya washa." "Haya usiguse." Wauzaji wenzake walidondosha tone kiganjani, wakangoja waone kama litakauka upesi kama petroli au litaacha utelezi kama mafuta ya taa. Pua aliwacheka mpaka mbavu zikamuuma. Aliwaita wapaka losheni.

Gesi ilipoingia majumbani kibanda chake kilifungwa, lakini heshima haikufungwa. Kila aliyenunua jiko jipya alibaki na dumu la mafuta ya zamani chini ya meza, hajui alifanye nini, na jibu la mtaa lilikuwa moja tu: mpelekee Pua. Yaliyo mazuri aliwarudishia wenyewe wayatumie mpaka yaishe. Mabaya aliyafunga, kila dumu peke yake bila kuchanganya, akayaweka bandani uani mbali na moto, kisha akayasukuma kwa mkokoteni hadi yadi ya manispaa wanakopokea mafuta machafu. Aliyethubutu kumwaga mafuta mtaroni au chooni alitukanwa mpaka akatamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Alilipwa kwa kuamkiwa, na alipenda kuamkiwa kuliko chakula.

Nyumbani pua hiyohiyo ilikuwa askari wa zamu. Mkewe akirudi kutoka matembezini, Pua alimvua mtandio, akaunusa mbele ya watoto na wageni, akasema alikotoka. "Ulikuwa kwa dada yako, unanuka moshi wa kwake." "Leo umepitia sokoni, hukuniaga." Wageni walicheka, watoto wakacheka, na mama wa watu akacheka nao maana angefanya nini. Miaka yote ya ndoa alicheka hivyo, meno nje, moyo umefungwa.

Kisha Pua aliugua homa ya kulala kitandani. Alipopona alifungua dumu moja bandani, akavuta pumzi, na hakusikia kitu. Ilikuwa kama kunusa maji. Alijiambia itarudi. Haikurudi, naye hakumwambia mtu, kwa sababu mzee asiye na kazi wala pua ni mzee tu kama wazee wengine, na hilo lilimtisha kuliko kifo.

Wa kwanza kugundua alikuwa mkewe. Alirudi kutoka zahanati alikoshinda akimuuguza mdogo wake, ananuka spiriti kuanzia kichwani hadi miguuni. Pua akachukua mtandio kama kawaida, akanusa, akasema kwa sauti ya hakimu: "Ulikuwa sokoni."

"Kweli, Mzee wangu," mkewe akajibu. "Hufichwi kitu." Akaingia jikoni, akasimama pale akitabasamu peke yake.

Baada ya hapo ndipo fundi cherehani akaja. Alikuwa mke wa kinyozi, mwanamke mpole mwenye mikono myepesi. Sketi za shule za nusu ya mtaa zilitoka kwenye vidole vyake. Alikuwa ameokota dumu la mafuta stoo kwake.

"Shikamoo, Mzee. Haya yamekaa muda mrefu. Nimeona niyatumie kwenye lile jiko la zamani nichemshie maji, ila naogopa. Yanafaa, au nikuachie ukayatupe?"

Pua akafungua. Mkewe alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, na harufu ya petroli ilimfikia pale alipo. Akainua macho, akamtazama mumewe.

Angesema tu, "Niachie, nitayapeleka yadi," yangekwisha. Angedondosha tone kiganjani, yangekwisha. Lakini mke alikuwa anatazama, na fundi alikuwa anangoja kwa adabu, na Pua hakuwahi kuwa mpaka losheni. Akafumba jicho moja.

"Safi kabisa, mwanangu. Nenda kawashe."

Fundi akashukuru, akabeba dumu lake. Yule mwanamke kizingitini akarudisha macho kwenye mchele. Nasema wazi, dhambi ya siku hiyo iligawanywa vipande viwili, na sijui nani alichukua kikubwa.

Jiko lililipuka jioni ileile. Majirani walimfunika fundi kwa blanketi lililolowa, akapona uso, lakini mikono iliungua. Vidole vilipona vimekunjamana na kukakamaa, haviwezi kushika sindano wala mkasi. Na mtaa ulipouliza imekuwaje, Pua alikuwa wa kwanza kujibu: "Nilimwambia asiyaguse. Wanawake wa siku hizi hawasikii."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Pua ilikuwa ndefu, tena ina kivuli.

Fundi alipoacha kushona, kinyozi aligundua ghafla kwamba ana mke mzembe. Akaita kikao uani kwake, akamwita kaka wa mke aje asikie kwa masikio yake kwa nini dada yake anarudishwa kwao. Majirani walijaa, Pua na mkewe wakiwemo. Hakuna aliyemuuliza kinyozi petroli ya jenereta yake ya saluni huwa anaiweka kwenye dumu gani, naye hakujitolea kusema. Kinyozi hajinyoi, na huyu hata kujisema hajisemi.

"Nilimpelekea Mzee," fundi akasema. Mikono yake ilikuwa mapajani, ameifunika kwa khanga. "Alinusa. Akaniambia safi kabisa, nikawashe. Mzee, sitaki fidia. Sema hilo moja tu, nibaki na wanangu."

Watu wote wakamgeukia Pua. Neno moja. Alikuwa nalo mdomoni.

"Nilikwambia usiguse, mwanangu," akasema. "Mimi petroli nainusa toka barabarani."

Fundi akamgeukia mke wa Pua. "Mama, wewe ulikuwepo. Ulikuwa unachambua mchele."

Mke wa Pua alimtazama mumewe kwa utulivu, kama mtu anayechagua nyanya.

"Mume wangu hajawahi kukosea," akasema.

Ikawa imekwisha. Kaka wa fundi alimfungia dadaye mzigo kwa sababu yeye hakuweza kufunga fundo. Watoto walishikwa na shangazi yao wasimfuate, wakalia mpaka sauti zikakauka, na fundi akaondoka bila kuaga mtu. Pua akakabidhiwa dumu lenye mabaki ya mafuta akalitupe inavyopaswa, na watu wakamsindikiza hadi kwake wakimsifu, kinyozi mbele kabisa.

Mkewe alikuwa amempokea dumu, akatangulia nalo. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na jua limekwisha kuzama. Pua akaingia chumbani, wageni wakabaki mlangoni na sebuleni, akaona dumu limewekwa chini ya kitanda.

"Mbona humu?" akauliza. "Pahala pake ni bandani."

"Bandani kuna panya, watatafuna kifuniko. Humu upo wewe." Mkewe aliegemea fremu ya mlango, taa ya chemni mkono mmoja na kiberiti mkono wa pili. "Ila liliniponyoka wakati naliingiza. Sijui kama lilimwagika. Wewe si utanusa?"

Pua akapiga magoti, akapapasa mkeka, akapapasa godoro. Pakavu. Lakini alijua, nani ajue kama si yeye, kwamba petroli hukauka upesi na mvuke wake hubaki chumbani ukingoja cheche.

"Unanusa nini, Mzee wangu?" mkewe akauliza kwa sauti ya kusikika sebuleni.

Wageni wakatega masikio.

"Hakuna kitu," akasema Pua.

"Basi washa taa wageni wapate kukaa." Akaweka taa juu ya kigoda, akamtia kiberiti kiganjani.

Pua akakitazama. Akavuta pumzi kwa nguvu zake zote, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kisha akainuka, akatabasamu, akamwita kinyozi.

"Njoo uniwashie, mwanangu. Macho ya mzee haya, gizani hayaoni njiti."

Kinyozi akaja mbio kwa heshima, akapokea kiberiti, akainama juu ya taa. Pua akampita, akawapita wageni pale mlangoni, akatoka kwa hatua za haraka ambazo hakuna aliyejua bado anazo, akaenda kusimama mwisho wa ua, mgongo ukutani.

Njiti ikawaka. Utambi ukashika. Chumba kikajaa mwanga wa manjano, na hakuna kilichotokea, maana dumu lilikuwa limefungwa kwa nguvu na halikuwahi kumponyoka mtu.

"Mzee wangu," mkewe akaita, na wageni wote wakageuka kutazama uani. "Si umesema hakuna kitu? Sasa mbona umekimbia?"

Kinyozi alikuwa bado ameinama, njiti ikimwakia vidoleni. Alimtazama mzee aliyegandamana na ukuta kule uani, kisha akalitazama dumu lake mwenyewe chini ya kitanda.